Kuhuisha Vifurushi Baada ya Kupandisha Toleo la Lugha ya R

Mada iliyotolewa katika semina ya watakwimu vijana, Kariokor, Nairobi



Lugha ya R, ambayo Ross Ihaka na Robert Gentleman waliiasisi katika Chuo Kikuu cha Auckland mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, haitoshelezi kila haja kwa nafsi yake. Kazi zetu nyingi, tangu kuchora ramani ya mitaa ya Ziwani na Kariokor hadi kuzisoma hesabu za sensa ya 2019 kwa kifurushi cha rKenyaCensus alichokitunga mtakwimu Mkenya Shelmith Kariuki, zategemea vifurushi vya watungaji wengine. Basi apandishaye toleo la lugha akadhani amemaliza, amefanya nusu tu ya kazi. Na rai yangu ni kwamba nusu iliyobaki ndiyo yenye dhima kubwa zaidi, maana humo tarakimu zaweza kugeuka pasi na mtu kutambua.

Asili ya shida

Katika Windows na Mac, R huviweka vifurushi ndani ya folda inayoitwa kwa tarakimu mbili za mwanzo za toleo. Ukitoka 4.4.1 kwenda 4.4.2, vifurushi vyako hubaki mahali pake. Bali ukitoka 4.4 kwenda 4.5, R huanza maktaba mpya, na ile ya kale husalia diskini kama vyombo vya mpangaji aliyehama asivichukue. Aghalabu mtu hapo huinakili folda nzima ya zamani, ilhali vifurushi vingi vina sehemu zilizojengwa kwa ajili ya toleo lililopita. Na lilipotoka toleo la 4.0.0, Aprili 2020, vyote vilivyojengwa kabla yake vililazimu kusakinishwa upya.

Utaratibu

Kwanza, kabla ya kupandisha toleo, hifadhi orodha ya ulivyo navyo:

`saveRDS(rownames(installed.packages()), "orodha.rds")`

Pili, ndani ya toleo jipya, sakinisha vilivyokosekana:

`zamani <- readRDS("orodha.rds")`
`install.packages(setdiff(zamani, rownames(installed.packages())))`

Tatu, iwapo ulinakili folda ya kale, au maktaba yako hutumiwa na matoleo zaidi ya moja, amuru hivi:

`update.packages(checkBuilt = TRUE, ask = FALSE)`

Neno `checkBuilt` huifanya R ikihesabu kifurushi kilichojengwa chini ya toleo la zamani kuwa kimepitwa na wakati, hata kama namba yake mwenyewe haijabadilika. Na kwa atumiaye bando la simu, ni heri aipitie orodha kwanza na kuviacha asivyovihitaji, kwa kuwa kila kifurushi hushuka pamoja na vile kinavyovitegemea.

Hadhari

Si vyote vitakavyorudi. Vifurushi vya ramani vya rgdal, rgeos na maptools viliondolewa katika hazina ya CRAN Oktoba 2023, na mwenye programu iliyoviita hana budi kuiandika upya kwa vifurushi vya sf au terra. Hiyo walau ni hitilafu inayopiga kelele. Ya kuogopwa ni ile ya kimya. Kabla ya 4.0.0, `read.csv` iligeuza safu ya majina ya mitaa kuwa makundi, na `levels()` ikayataja moja moja. Tangu toleo hilo majina hubaki maandishi matupu, na amri ile ile hurudisha `NULL` bila ya onyo lolote.

Mapendekezo

Madhali hali ndiyo hiyo, napendekeza kwamba toleo lipandishwe baada ya ripoti kukabidhiwa, wala si katikati ya kazi; kwamba kila mradi utunzwe kwa kifurushi cha renv, ambacho huandika katika faili moja toleo la R na la kila kifurushi; na kwamba R ya zamani isifutwe mpaka ripoti ya mwisho imeendeshwa chini ya matoleo yote mawili na majedwali yake kulinganishwa. Ripoti iliyotoa wakazi 4,397,073 wa Nairobi katika sensa ya 2019 sharti itoe idadi hiyo hiyo chini ya toleo jipya. Ikipungua hata mtu mmoja, kazi ya kuhuisha haijakwisha.