Kompyuta Inapozimika Yenyewe: Tuanze kwa Kupima Umeme
Mada iliyotolewa na Ofisa TEHAMA mbele ya wakazi wa kata



Nimeombwa nizungumzie kompyuta za mezani zinazozimika ghafla au kujiwasha upya zenyewe. Jambo hili si dogo. Kompyuta ya zahanati hutunza kumbukumbu za wagonjwa na dawa. Ile ya duka la steshenari ndiyo anayoitumia kijana kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla dirisha halijafungwa. Ikizimika katikati ya kazi, anayeumia ni mwananchi. Hata hivyo, mara nyingi mashine hubebeshwa lawama, ikawekwa programu upya au ikatupwa, hali tatizo liko katika umeme inaoupata.

Umeme wa majumbani nchini mwetu ni volti 230. Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha chuma chenye feni, pawasaplai, kinachoubadili umeme huo kuwa volti 12, 5 na 3.3. Hivyo ziko pande mbili za kuchunguza: umeme unaoingia kisandukuni na umeme unaotoka.

Tuanze na unaoingia. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, iwe Mwakitolyo upande wa Shinyanga au Nyarugusu upande wa Geita, mota za karasha zinapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu huona taa zikififia. Fundi apime soketi kwa multimita mara mbili: karasha zikiwa zimesimama na zikiwa kazini, kisha aandike namba na saa. Iwapo volti hushuka sana kila karasha ziwashwapo, pawasaplai mpya haitakuwa dawa. Pelekeni maandishi hayo ofisi ya TANESCO, na kompyuta iunganishwe na stabilaiza inayofaa.

Zipo dalili za hatari zaidi. Taa za upande mmoja zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, huenda waya wa nyutro umelegea au umekatika. Zimeni swichi kuu mara moja na kutoa taarifa, maana volti zaweza kupanda kuelekea 400.

Kwenye pawasaplai za zamani, tazameni pia swichi ndogo ya nyuma yenye namba 115 na 230. Kwetu sharti iwe 230. Ikiachwa kwenye 115, kisanduku huweza kuungua mara kinapochomekwa.

Sasa umeme unaotoka. Waya mweusi ni sifuri. Kati yake na waya wa njano fundi apate volti 11.40 hadi 12.60, mwekundu, 4.75 hadi 5.25, wa rangi ya chungwa, 3.14 hadi 3.47. Apime kompyuta ikiwa inafanya kazi nzito, kwa kuwa pawasaplai iliyochoka huonyesha namba nzuri isipobeba mzigo. Soketi ikiwa thabiti na waya wa njano ukashuka chini ya 11.40, hapo pawasaplai yenyewe ndiyo ya kushukiwa kwanza. Saa ya kompyuta kurudi nyuma kila inapozimwa ni jambo jingine: hiyo kwa kawaida ni betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye ubao mkuu.

Nawasihi, msikifungue kisanduku hicho nyumbani. Kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa volti zipatazo 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kikiharibika, hubadilishwa kizima.

Kwa ofisi na maduka, UPS hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Ekstensheni ya kawaida haipandishi volti hata moja. Nakala za kumbukumbu zifanywe kila siku, nazo zitunzwe mbali na kompyuta.

Ndugu wananchi, kabla ya kutoa fedha kununua kifaa kipya, mwombeni fundi awaonyeshe namba mbili: ya soketini na ya waya wa njano. Asipokuwa nazo, bado hajapima.