Kwa Nini Huduma ya Leo Haifanani na ya Jana?



Mkulima wa Nkololo anapofunga safari kwenda Bariadi mjini kutafuta huduma ya ofisi, huwa ameacha jembe shambani. Ikiwa ni Januari, wakati wa palizi ya pamba, siku anayoipoteza hairudi, kwa maana magugu hayamngojei karani.

Na ichukuliwe kwamba mkulima huyo anakwenda katika ofisi moja mara mbili, kwa shauri lile lile. Safari ya kwanza anapewa kiti, anasikilizwa, kisha anaambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Safari ya pili anakuja na barua hiyo, anamkuta mtumishi mwingine, naye anaambiwa kwamba barua haitoshi: unatakiwa muhtasari wa kikao cha kijiji, pamoja na picha mbili. Ofisi ni ile ile, sheria ni ile ile, na mwananchi ni yule yule. Kilichobadilika ni nini?

Jibu jepesi ni kwamba mtumishi wa kwanza ni mwema na wa pili ni mbaya. Jibu hilo halitoshi. Huenda wote wawili ni watu wema, na kila mmoja alitenda kama alivyofundishwa katika kituo chake cha zamani kabla ya kuhamishwa. Ubovu hasa ni kwamba utaratibu umo vichwani mwa watu, haumo katika kazi yenyewe. Mwananchi hakutani na ofisi, bali hukutana na mtu. Na mtu hubadilika kwa zamu, kwa uchovu, na kwa hali ya nyumbani kwake.

Huduma ina tabia moja inayoitofautisha na bidhaa. Robota la pamba likiwa na kasoro, mkaguzi anaweza kuliona ghalani na kulizuia kabla halijasafirishwa. Huduma haina ghala. Hutengenezwa na kutumiwa wakati ule ule, mbele ya macho ya mwenye shida. Neno la dharau likikwisha kutamkwa dirishani, hakuna mkaguzi wa kulirudisha. Kwa hiyo ubora wake hauna budi kuandaliwa kabla mwananchi hajafika mlangoni.

Wakulima wa Usukuma walilielewa jambo hili zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 manung'uniko yao makubwa yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba. Hawakuomba kuletewa karani mwenye huruma zaidi. Walisimamisha wapimaji wao wenyewe, wasio chini ya mnunuzi, ili uzito uhakikiwe. Katika harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vilistawi vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Fundisho lake ni wazi: mnyonge hulindwa na kipimo kisichobadilika kuliko moyo mwema wa mpimaji.

Walimu nao wanaifahamu hali hii kwa upande wa kazi yao. Insha ya kwanza husahihishwa asubuhi, akili ikiwa imetulia. Insha ya hamsini husahihishwa usiku, macho yakiwa mazito. Bila mwongozo wa kusahihisha, mtoto hupata alama kwa bahati ya nafasi ya daftari lake katika rundo. Ndiyo sababu katika mitihani ya taifa wasahihishaji hukubaliana kwanza juu ya mwongozo mmoja. Mwalimu hadharauliwi kwa kupewa mwongozo. Mwanafunzi ndiye anayetendewa haki.

Ofisi za umma nazo hazikukosa mwongozo. Katika Mpango wa Kuboresha Utumishi wa Umma, uliozinduliwa mwaka 2000, taasisi za serikali zilielekezwa kuandaa mikataba ya huduma kwa mteja, yenye kutaja huduma zitolewazo, muda wake, na mahali pa kupeleka malalamiko. Lakini mkataba uliofungiwa kabatini ni karatasi tu. Na hata ukibandikwa ukutani, haumfai mzee asiyejua kusoma, wala mama anayejieleza vizuri kwa Kisukuma kuliko Kiswahili.

Hapa inafaa kuondoa kosa moja. Huduma iliyo sawa si huduma ya kuwatendea watu wote kama magunia. Mzee asiyesoma anahitaji kuelezwa mara mbili. Kijana aliyesoma anatosheka na mara moja. Kinachopaswa kulingana ni haki wanayoondoka nayo, masharti wanayotimiza, na heshima wanayopewa.

Basi yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wa kila ofisi, nayo hayangoji bajeti. Masharti ya kila huduma yaandikwe kwa lugha nyepesi, na kila mtumishi ayajue kama anavyojua jina lake. Mwananchi akiambiwa arudi, aandikiwe alete nini na lini, na nakala ibaki katika jalada lake, ili mtumishi wa zamu ya pili aanzie alipoishia wa kwanza. Anayekwenda likizo au uhamisho akabidhi kazi, si funguo peke yake. Na katika msimu wa kuuza pamba, foleni zinapokuwa ndefu, mkuu wa kazi aongeze watu dirishani mapema, badala ya kuulaumu ukali wa mtumishi aliyeelemewa.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 ili, pamoja na mengine, huduma zisogezwe karibu na wananchi. Kusogeza jengo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumhakikishia yule mkulima wa Nkololo kwamba atakachoambiwa Jumatatu ndicho atakachoambiwa Alhamisi, na kwamba akirudi mara ya pili atakuwa amerudi kuchukua haki yake.