Pori Limepumzika Vya Kutosha? Kuchagua Viashiria vya Ubora wa Udongo Kasongo na Kabambare



Kabla panga halijaingia porini, mkulima wa Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, huwa na swali moja: ardhi hii imepumzika vya kutosha, au tuiache miaka mingine? Mpunga wa nchi kavu, ulioenezwa Maniema na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, hulimwa hapa kwa kufyeka na kuchoma. Mihogo hufuata, kisha shamba huachwa lirudi pori. Kiashiria cha ubora wa udongo kisichosaidia kujibu swali hilo hakitufai, hata kama kinasifiwa mbali.

Utafiti wa udongo wenyewe umebadilika sana. Enzi za INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933 na kufanya kazi kubwa Yangambi, udongo wa Congo uliainishwa na kuchorewa ramani. Mwaka 1994 Doran na Parkin wa Marekani walisisitiza kwamba ubora ni uwezo wa udongo kufanya kazi zake: kuzalisha, kutunza mazingira, na kulinda afya ya mimea na wanyama. Tangu hapo watafiti wengi wanatafuta vipimo vichache, na mara nyingi takwimu ndizo zinazochuja vile vinavyorudia habari ileile. Tuwe waangalifu hapo. Takwimu huokota kipimo kinachotofautiana sana kati ya mashamba, ambacho huenda hakina uzito wowote kwenye mavuno. Bünemann na wenzake, walipopitia tafiti za dunia mwaka 2018, walikuta mboji na pH ndivyo vinavyochaguliwa zaidi, huku viumbe hai wa udongoni wakiwa bado wamesahauliwa.

Kwetu pH inaweza kudanganya kabisa. Majivu yana kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Yakishaingia ardhini, uchachu hupungua na sumu ya alumini hutulia. Kwa hiyo kichaka kichanga kilichochomwa wiki iliyopita kinaweza kuonekana bora kuliko msitu wa jirani uliolala miaka mingi. Mvua zikishaosha madini hayo, uchachu hurudi. Sampuli zichukuliwe kabla ya moto, kwa kina kilekile kila mahali, na pH ikiwa chini ya 5.5 alumini ipimwe yenyewe.

Mfinyanzi wa udongo wetu mwekundu, wenye oksidi nyingi za chuma, hushika virutubisho vichache na kuifunga fosforasi. Kazi kubwa ya kushika virutubisho inabaki kwa mboji. Lakini kaboni yote kwa jumla hubadilika polepole. Ndiyo maana napendelea kipimo cha kaboni tendaji kilichorahisishwa na Weil na wenzake mwaka 2003: kiasi kidogo cha udongo mkavu hutikiswa katika maji ya zambarau ya permanganeti ya potasiamu, ukaachwa utulie. Kadiri zambarau inavyofifia, ndivyo chakula cha vijidudu kilivyo kingi. Kwa kifaa kidogo cha kusoma rangi, kazi hiyo inafanyika hata kijijini.

Kuhusu viumbe, tuchimbe sentimita 25 kwa 25, kina 30, kama wataalamu wa TSBF, mpango wa biolojia na rutuba ya udongo wa tropiki, walivyoelekeza, tuhesabu minyoo. Ifanyike wakati wa mvua tu, kwa sababu kiangazi minyoo hushuka chini.

Wakulima nao waulizwe kwanza. Huko Chuka na Gachoka, Kenya ya kati, Mairura na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mashamba ambayo wakulima waliyaita mazuri yalitofautiana kweli na mabaya maabara ilipopima. Kuenea kwa majani makali ya Imperata baada ya moto wa mara kwa mara ni dalili ya udongo kuchoka isiyohitaji maabara.

Palipochimbwa dhahabu, kama Salamabila, udongo wa juu umezikwa na zebaki inaweza kuwepo. Panahitaji orodha yake ya viashiria.

Pendekezo langu ni viashiria vitano: mimea ya porini, kaboni tendaji, alumini, minyoo, na uimara wa bonge la udongo likitumbukizwa majini. Vipimwe kwenye mapori ya umri mbalimbali, msituni na savana, kisha vilinganishwe na mavuno ya mpunga wa msimu unaofuata. Kitakachoshindwa kutabiri mavuno hayo kiondolewe.