Dini ya Jirani Yako Imeelezwa na Nani?

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Ndugu wanafunzi wa Mchuchuma, nanyi wa Njombe na Makambako mnaofuata somo hili:

Sasa mmekwisha jua kusoma. Hiyo ni kazi kubwa mliyoifanya. Lakini leo nawauliza: je, kila kilichopigwa chapa ni kweli yote?

Tufanye mfano. Mgeni anatoka mbali, anataka kuandika kitabu juu yenu. Anashuka Makambako, anawauliza wafanya biashara wawili watatu pale stendi, kisha anarudi kwao. Kitabu kinatoka. Jina lake ni "Watu wa Makaa", kwa sababu habari aliyoisikia ya Mchuchuma ni makaa ya mawe tu. Ndani hamna shamba la mahindi, hamna harusi, hamna msiba. Je, amesema uongo? Hapana, makaa yapo. Lakini mkisomewa mtasema, "Huyu hakutujua."

Basi, Waislamu wamepatwa na jambo kama hilo katika vitabu vilivyoandikwa kuwajulisha watu wa Ulaya dini ya Kiislamu. Tutazame jina kwanza. Mwaka 1911 mtaalamu wa Uingereza, D. S. Margoliouth, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Mohammedanism, maana yake dini ya Muhammad. Mwaka 1949 mtaalamu mwingine, H. A. R. Gibb, alitoa kitabu kipya kwa jina lilelile. Gibb alijua Kiarabu, na ndani ya kitabu chake alieleza kwamba Waislamu hawalipendi jina hilo. Kwa nini hawalipendi? Kwa sababu msomaji hudhani kwamba wao humwabudu Muhammad. Lakini Mwislamu humwabudu Mungu mmoja, na Muhammad kwake ni Mtume. Hata hivyo jina lilikaa juu ya jalada. Baadaye kitabu hicho kilipigwa chapa tena kwa jina la Islam.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Aliyeifanya ni Padre Godfrey Dale, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Unguja, misheni ileile iliyojenga kanisa kuu la Likoma katika Ziwa Nyasa. Dale aliwaandikia hasa walimu Wakristo wa Kiafrika, wapate kuijua dini ya Waislamu na kujibizana nao. Kwa hiyo aliongeza maelezo yake, na mengine yalibishana na Kurani yenyewe.

Mwaka 1953 ikatoka tafsiri ya pili, ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Masheikh wengi wa pwani hawakukubaliana na maelezo yake. Mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Yeye aliwaandikia Waislamu wenzake, na aliwajibu wote wawili waliomtangulia.

Mnaona? Kurani ni moja, lugha ni moja, lakini waelezaji ni watatu, na kila mmoja ana msomaji wake moyoni. Msidhani basi kwamba kitabu cha mgeni ni kibaya siku zote, au kwamba cha mwenyeji hakina upande. Mgeni huweza kuona jambo ambalo mwenyeji amelizoea. Lakini wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata.

Vitabu vingi vya utangulizi hutaja nguzo tano: shahada, sala, zaka, saumu na hija. Hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi hutazama Arabuni tu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107. Uislamu una umri mkubwa katika pwani yetu, na una maulidi yake, vyuo vyake na futari yake. Msomaji wa London asipoambiwa hayo, atadhani Mwislamu wa Afrika ni mgeni katika dini yake mwenyewe.

Kwa nini nawaambia haya ninyi, ambao wengi wenu ni Wakristo? Kwa sababu mnanunua chumvi duka moja na Waislamu, na mnazikana. Mtu akiamini kwamba jirani yake humwabudu mwanadamu, hataketi naye msibani kwa moyo mweupe. Vivyo hivyo Mwislamu akisoma kijitabu cha kuwasimanga Wakristo.

Basi, ukisoma kitabu juu ya dini ya mwingine, uliza mambo matatu. Nani ameandika? Amemwandikia nani? Na mwenye dini hiyo, akisomewa, atasema, "Naam, ndivyo tulivyo"? Swali la tatu halijibiwi kitabuni. Inuka, ukabishe hodi kwa jirani.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Waislamu hawapendi dini yao iitwe dini ya Muhammad?
2. Wafasiri watatu waliandika kwa ajili ya nani?
3. Ninyi mngependa mgeni awaulize nini kabla hajaandika habari za Mchuchuma?