UNITI 75 NI HAKI YA MNYONGE
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika)



Nina mawili tu. La kwanza, ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Sehemu kubwa ya gharama inabebwa na Serikali. Nyaya za ndani ya nyumba ni juu yako mwenyewe. Akija kishoka anadai hela ya nguzo, usimpe hata senti. Lipa kwa namba ya malipo, na risiti itunze.

La pili ni uniti. Kwa bei iliyotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo, yaani wa kundi la D1, anauziwa uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ukivuka hapo, kila uniti ni shilingi 350. Kodi bado. Haya, wenzangu wa kisomo, shikeni kalamu: uniti 75 ni shilingi 7,500. Ongeza 25 tu, hizo peke yake ni shilingi 8,750!

Sasa nyumba tatu mkivutiana waya kwenye mita moja, nafuu ya wote watatu inapotea, na moto ukizuka mnaungua wote. Kila nyumba iombe mita yake. Wajane na wazee tuwasaidie kujaza maombi. Asiyejua kuandika aje ofisini kwangu, tutaandika pamoja.