AMANA YA JALADA: NASAHA KWA MAKARANI NA MAKATIBU MUHTASI



Mwananchi anapofika katika ofisi ya Serikali, hamkuti kwanza Waziri wala Katibu Mkuu. Anamkuta karani. Kwa namna atakavyoitikiwa salamu yake na jibu atakalopewa, ndivyo atakavyoihukumu ofisi nzima. Kwa hivyo, kazi ya karani, katibu muhtasi na mhudumu si kazi ndogo. Hao ndio mlango wa Serikali.

Sheria ya Utumishi wa Umma ya Zanzibar, Namba 2 ya mwaka 2011, haimhusu mkurugenzi peke yake. Inamhusu na karani wake. Vyeo vinatofautiana, lakini amana ni moja.

Na utazamwe mfano wa mjane wa Micheweni anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Barua yake imepitia kwa Afisa Mdhamini, Pemba, ikaletwa Unguja. Miezi inapita bila ya jibu. Mjane anakopa nauli, anakwenda Mkoani, anapanda boti, analala kwa jamaa mjini, na asubuhi yupo ofisini. Anaambiwa kuwa jalada halionekani.

Kumbe jalada limo katika mtoto wa meza, chumba cha pili. Karani wa masjala alilitoa mkono kwa mkono bila ya kuliandika katika daftari. Katibu muhtasi alilipokea bila ya kutia saini. Na kwa kuwa wawili hao hawasemezani tangu walipogombania zamu ya likizo, hapana aliyemuuliza mwenziwe. Mjane anarudi Pemba mikono mitupu, na deni la nauli liko juu yake.

Katika mfano huu hapana aliyeiba, wala aliyekula rushwa. Kilichokosekana ni saini moja na salamu moja.

Hivyo basi, mambo matatu yanasisitizwa.

Kwanza, kila jalada linalotoka masjala liandikwe: linakwenda kwa nani, tarehe gani, na limepokewa na nani. Barua ambayo sasa hupelekwa kwa kompyuta nayo iwekewe kumbukumbu hiyo hiyo.

Pili, wafanyakazi si lazima wawe marafiki, lakini ni lazima wasemezane kwa ajili ya kazi. Ugomvi ubaki nje ya masjala. Mkubwa naye asimkaripie karani mbele ya wageni, kwani karani aliyevunjiwa heshima huwa mzito wa kumheshimu mwananchi. Mhudumu anayechukua barua juani aambiwe ahsante. Bila ya miguu yake, barua haifiki.

Tatu ni siri. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Katibu muhtasi ndiye kata: anajua nani atahamishwa, nani amepewa onyo, nani anaumwa. Maneno hayo hayatoki barazani wala harusini. Lakini kutunza siri si kumficha mwananchi haki yake. Anayeuliza shauri lake aelezwe lilipofika, na kama bado, aambiwe siku ya kurudi, na siku hiyo iwe ya kweli.

Kila karani, kabla ya kufunga ofisi leo, afungue mtoto wa meza yake na atazame kama hamna jalada la mtu anayengoja ng'ambo ya bahari.