Orodha Ilizama na Meli

Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa tawi, Jumapili jioni. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa raia. Najua wengi mlitegemea nianze na polisi na virungu. Leo naanza na daftari. Daftari lenyewe ni la majina ya abiria.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Daraja la kwanza na la pili kulikuwa na orodha ya watu 443. Daraja la tatu, wanakopanda walalahoi, hapakuwa na orodha. Hesabu inayotajwa ya waliokufa ni zaidi ya 800, lakini nani anaweza kuapa? Mwenye tiketi ya bei kubwa alikufa akiwa na jina. Mlalahoi alihesabiwa kama gunia la ndizi, na pengine ndizi ziliandikwa.

Liko na la pili. Meli ile haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na waliokuwa nje walisikia watu wakigonga kutoka ndani. Ikaamuliwa itobolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, meli ikaenda chini na waliokuwamo. Waliotoboa walitaka kuokoa. Walichokosa ni neno moja kutoka kwa mtu anayezijua meli. Mwenye ujuzi alikuwa kwake, mwenye kifaa cha kukatia alikuwa juu ya meli, na katikati yao hapakuwa na njia ya habari.

Tumejifunza nini?

Tarehe 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Leseni yake haikufika watu 700. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2012, tukaambiwa waliopotea ni zaidi ya 1,300. Ndugu zangu, hiyo si tofauti ya kukosea hesabu. Huo ni mji mdogo mzima uliosafiri bila kuandikwa.

Halafu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Walipoulizwa abiria walikuwa wangapi, wakubwa wakasema mkata tiketi naye amekufa na mashine yake imepotea. Siku ya pili baada ya ajali, fundi wa kivuko alitolewa ndani akiwa hai. Orodha gani ilijua kwamba yumo?

Basi tazameni safari yetu. Mwaka 1996 walalahoi hawakuwa na orodha. Mwaka 2018 orodha ilikuwapo, ikazama na kivuko. Na mwezi ule ule wa Septemba 2018, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Kifungu hicho kililegezwa mwaka 2019. Lakini fikiria kijana aliyesimama ufukweni akihesabu maiti za jamaa zake: ahesabu kwa sauti, au ahesabu moyoni?

Si umaskini tu

Mtaambiwa nchi ni maskini. Sawa, lakini Marekani si maskini. Tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York, jengo moja refu lilipoanguka, polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona hatari ya jengo la pili wakawaonya wenzao kwa redio watoke. Zimamoto waliokuwa ndani walikuwa na redio zao nyingine, na wengi hawakulisikia onyo hilo. Siku ile walikufa zimamoto 343. Redio zilikuwapo, ila hazikusemezana.

Sasa njooni hapa jirani, Kenya. Desemba 2007 fujo za uchaguzi zilipoanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Januari 2008 vijana wachache wakaanzisha Ushahidi. Mwananchi anatuma ujumbe wa simu: hapa nyumba zinachomwa, hapa watu wamekimbilia. Habari inapimwa, kisha inawekwa kwenye ramani mtu yeyote aione. Haiti ilipopigwa na tetemeko mwaka 2010, chombo hicho hicho kilitumika kuonyesha nani amefukiwa wapi na nani anahitaji maji. Jina la Kiswahili likafika Haiti!

Tudai nini

Kwanza, orodha ikae nchi kavu. Leo tiketi za mashine zimeenea. Swali ni moja: majina yanabaki ndani ya chombo au yanafika gatini na bandari ya pili kabla kamba haijafunguliwa? Mtoto wa mgongoni naye aandikwe.

Pili, mwenye shida apige simu mara moja. Polisi ni 112, zimamoto ni 114. Mimi mwenyewe nilipiga simu usiku nyumba ya jirani ikiungua. Wa kwanza akanipa namba ya wa pili. Wa pili akaniuliza niko wilaya gani, akanirudisha kwa wa kwanza. Moto tuliuzima kwa ndoo na mchanga. Anayepokea simu ndiye awajibike kuipeleka inakotakiwa.

Tatu, wanaofika kwanza watambuliwe kabla ya ajali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba na watu 43, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Wavuvi, bodaboda na wapiga mbizi wa kila ufukwe waandikwe, wafundishwe, wapewe mtu wa kuzungumza naye. Tusiwasubiri mpaka wawe mashujaa wa siku moja.

Nne, habari irudi kwa mwananchi. Kila tarifa iseme nani kaona, wapi, saa ngapi. Idadi ikibadilika, isemwe kwa nini imebadilika. Ukinyamaza saa sita, uvumi umekwisha zunguka mji mara tatu, na hapo usimlaumu kijana wa kijiweni.

Tano, na hili wakubwa wasikie vizuri: orodha ya kuokoa isiwe orodha ya kusaka. Siku majina ya abiria yatakapotumika kumtafuta mpinzani au mdaiwa wa kodi, watu wataandikisha majina ya uongo, na siku ya ajali tutazika majina ya uongo.

Ndugu zangu, sisi nasi tuna deni. Ni nani hapa hajawahi kumpa mtu wa gatini chochote ili apite bila tiketi? Akicheka tunacheka. Lakini siku chombo kikilala ubavu, mama yako atakwenda kwenye ubao wa majina, atasoma kutoka juu hadi chini, na hatakuona, si katika waliopona wala katika waliokufa. Kwa daftari, hukusafiri.

Kwa hiyo tuanze na lililo mikononi mwetu. Ukipanda kivuko, dai uandikwe. Ukiambiwa kimejaa, shuka. Ukimwona nahodha anaondoka bila kupeleka orodha, piga kelele, na wenzako wapige. Serikali ina wajibu wa kutuhesabu tukiwa hai. Ikisubiri tuelee, imechelewa.